Saa Moja ya Ketki

Sogeeni, na mwenye jibu alibane mdomoni mpaka nimalize!

Tanga palikuwa na watu watatu. Mjomba Jamnadas alijaliwa ulimi: akikwambia kaa, unakaa na viatu unavua. Jirani yake, Bi Mwanakombo, alijaliwa kumbukumbu: hata mchuzi ulioungua mwaka wa mafuriko hajausahau. Na Pandit Harilal, kuhani wa Wahindu, alijaliwa kusoma nyota, wala hakuna aliyewahi kumsikia akisema "nimekosea".

Ketki, mpwa wa Jamnadas, alikuwa amefiwa na mama. Alimpenda Dhiren, na Dhiren kwake alikuwa hoi. Lakini kwao hakuna ndoa bila kulinganisha nyota. Pandit akalinganisha, akatikisa kichwa: nyota ya Mirihi ya Ketki imekaa nyumba mbaya angani, mume wake hatadumu.

Mama Dhiren, aliyekuja kuposa, akainuka. "Mwanangu ni huyu mmoja. Twende zetu!"

Ketki akamtazama mjomba wake. Basi ndiyo imekwisha?

Jamnadas akaziba mlango. "Dada, utoke kwangu na njaa? Watu watanisema! Onja kidogo tu." Kuonja kukawa kula, kula kukaleta chai, na chai ikaleta masimulizi, mpaka mama Dhiren akacheka na hasira zake.

Ndipo Bi Mwanakombo akaingia na sahani ya vitumbua. Akaelezwa msiba. "Kwani mmeandika kazaliwa saa ngapi?"

"Saa moja," Pandit akajibu. "Usiku wa manane."

"Wee! Usiku gani? Saa moja asubuhi! Nimempokea kwa mikono yangu, jua hilo dirishani, na muuza maziwa anabisha hodi. Mamake alikwambia saa moja, nawe ukaitikia."

Wote wakamgeukia Pandit. Siku zile za kuzaliwa Ketki alikuwa ndiyo kwanza ametoka Gujarati, na kwao saa huhesabiwa tangu usiku wa manane. Angeweza kukataa; nani angebishana naye? Akavua miwani. "Nimekosea. Niliandika saa ya kwetu." Akapiga hesabu upya mbele yao, Mirihi ikahama. Mama Dhiren akakubali bila kubembelezwa.

Siku ya harusi, nguo ya bibi arusi hufungwa fundo na ya bwana arusi. Katika nyumba ile, kulifunga fundo ni heshima ya mama wa bibi arusi. Sasa Ketki ampe nani?

"Bila mimi, wageni wangeshafika Korogwe," akasema Jamnadas.

"Wangekaa hata mwaka," akadakia Bi Mwanakombo, "bila mimi wangeshiba tu wakaenda zao."

"Na bila mimi kukiri kosa," Pandit akasema taratibu, "nani angewasadiki?"

"Aliyechoma nyumba adai zawadi kwa kuuzima moto!" Jamnadas akamrukia.

Ketki anawapenda wote watatu, na machozi yanamlengalenga. Ncha za nguo anazo mkononi, moto wa ndoa umewashwa, na saa ya heri ni saa moja. Asubuhi, safari hii wameuliza mara mbili! Fundo ni moja, halifungwi na mikono sita.

Haya, fungueni midomo. Je, wewe ungeamua vipi?