Wino wa Kijani wa Babu Chaki

Idara ya Fizikia ilikuwa na wahadhiri kumi na mmoja: wanaume kumi na mwanamke mmoja. Mkuu wao, mzee ambaye wanafunzi walimbandika jina la Babu Chaki kwa sababu hakuwahi kutoka darasani na koti safi, alimpenda yule mwanamke kama binti wa kumzaa. Ndiye aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza hadi akapata udaktari. Wenye shahada hiyo pale walikuwa saba, lakini ukisema "Daktari" watu walijua ni yeye tu.

Asubuhi moja barua ikafika. Kwa mara ya tatu Daktari alinyimwa uprofesa. Utafiti wake ulisifiwa, ufundishaji ukasifiwa zaidi. Ila uongozi, sifuri, na mikutano ya nje, sifuri. Kanuni ilikuwa kali: anayekataliwa mara tatu hukaa miaka mitano bila kuomba, isipokuwa akikata rufaa ndani ya siku saba.

Babu Chaki alipandwa na mori. "Hawa wa makao makuu hawataki kusikia mwanamke akiitwa profesa! Safari hii watanitambua. Kila mwaka tunapendekeza jina lake kwa kamati na safari za mikutano, nitawatupia ushahidi mezani!"

"Taratibu mwalimu, presha itapanda," Daktari alimsihi, ingawa machozi yalikuwa yakimlengalenga yeye mwenyewe.

Karani wa idara, mama mcheshi asiyemwogopa mtu, akaleta majalada ya miaka tisa. "Haya mzee, ushahidi wako huo. Lakini usome ukiwa umekaa."

Daktari akaenda kufundisha, mzee akabaki anafunua. Desturi yao ilikuwa hivi: wahadhiri hupendekeza majina ya wajumbe wa kamati na wasafiri wa mikutano, kisha mkuu huyapitisha. Kila mwaka jina la Daktari lilikuwamo. Kila mwaka lilikuwa limekatwa kwa wino wa kijani, na katika jengo zima hakuna aliyetumia wino wa kijani ila Babu Chaki mwenyewe. Pembeni aliandika: "Ana kichanga, apumzike." "Safari ndefu, tumhurumie." "Kikao huchelewa kuisha, awahi kwa wanawe."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale. Angelifunga jalada, nani angejua? Karani alikuwa na staha zake, angenyamaza. Lakini Daktari aliporudi, mzee alimsogezea kurasa zile.

"Mwanangu, aliyekukwamisha ni mimi."

Daktari alisoma mpaka mwisho. "Mbona hukuniuliza hata mara moja?"

"Nilidhani nakuhurumia."

"Mwalimu, kitinda mimba wangu ana miaka minane! Na anayewaogesha ni baba yao, tangu wazaliwe." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Najua unanipenda. Lakini umeniumiza. Wenzangu wana watoto pia, na hukumkata hata mmoja."

"Wallahi sikuwahi kuwaza hilo," mzee alisema, naye akalia waziwazi.

Siku ya rufaa Babu Chaki alisimama mbele ya kamati ya wazee wenzake, akasoma maandishi yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, uso umemshuka kwa aibu. Kamati haikumpa Daktari alama za kazi asizopewa kufanya, ila ilimfutia ile miaka mitano. Mwaka huo huo akaongoza kamati ya maabara, akawakilisha chuo ugenini mara mbili, akaomba tena.

Aliposimikwa kuwa profesa, aliyepiga makofi mpaka viganja vikamwasha alikuwa Babu Chaki. Mhadhiri mmoja mgeni akamnong'oneza, "Mzee, nasikia alipigwa vita sana. Adui yake alikuwa nani huko makao makuu?"

"Makao makuu yaache, mwanangu," mzee akajibu, akijigonga kifua. "Adui alikuwa huyu hapa, ampendaye kuliko wote. Kikulacho ki nguoni mwako."