Jina Lililofichwa Kibuyuni

Mniwie radhi, jamani, leo nasimulia kama jogoo mwenye mafua. Mashujaa wa Mlima Ngurundi walipokwenda vitani walinong'ona majina yao ndani ya vibuyu vya mama zao, maana zimwi la njiani lilimmeza kila aliyetaja jina lake mwenyewe.

Kijana mmoja wao akawa anarudi. Zimwi likamzuia.

"Wewe nani?"

"Mtoto wa mama."

"Mama yupi?"

"Aliyenizaa."

Mara ya tatu likaiga sauti ya mama: "Mwanangu, kibuyu kimepasuka! Asiye na jina hugeuka jiwe! Litaje upesi!"

Miguu ikaanza kuwa mizito. Mwangwi wa jina ukafika ulimini, akaung'ata.

"Mwongo! Mama angenitukana kwanza kwa kuchelewa!"

Zimwi likanywea. Nyumbani mama akamtukana, akazibua kibuyu, jina likamrukia.

Mnauliza jina gani? Msimlaumu mama wala kibuyu. Mimi ndiye niliyelimwaga njiani nikija.