Mzinga Ulioshuka

Wapendwa, leo nawapeleka porini, kwenye nyuki. Msijifunike vitenge, hamtaumwa. Labda mwishoni.

Kulikuwa na mama mmoja, mke wa mrina asali. Mumewe alitundika mizinga ya magogo juu kabisa ya miti, kama wanaume wote wa kijiji kile, ili nyegere asiifikie. Asali hiyo ndiyo iliyowalisha. Bwana yule akaugua, akafariki. Hata matanga hayajaondolewa vizuri, shemeji mtu huyo kafika.

"Shemeji, pole sana," akasema. "Sasa ile mizinga nitaichukua mimi. Unajua mwenyewe, kwetu mwanamke hapandi mti. Wewe kata hiyo miti ya nyuma ya nyumba, uchome mkaa, watoto wale."

"Nikishamaliza kuikata, mwakani watakula nini?"

"Ya mwakani tutayaona mwakani."

Mnamsikia huyo? Na alisema kwa upole kabisa, huku anamega ugali wa msiba.

Mama hakugombana naye. Alikwenda kwa wazee, akapiga goti. "Wazee wangu, mila naiheshimu. Mwanamke hapandi mti, sawa. Je, mila imeukataza na mzinga kushuka?"

Wazee wakatazamana. Mmoja alicheka hadi ugoro ukamtoka puani. "Mzinga chini? Nyegere atakuja kukushukuru, mama!"

Basi akachimbia nguzo kati ya ile miti ya nyuma ya nyumba, akafunga waya, akaning'iniza mizinga ya mbao usawa wa kifua chake. Nguzo akazipaka oili chafu ili siafu wasipande. Nyegere alikuja kweli. Akaurukia mzinga, mzinga ukabembea, bwana mkubwa akaanguka chali. Akajaribu tena, chali tena. Akaenda zake amenuna.

Lakini nyuki hawakuja upesi. Msimu mzima mizinga ilikaa mitupu, watoto wanakunywa uji wa chumvi, na kwa majirani moshi wa mkaa unapaa. Shoka la marehemu lilikuwa nyuma ya mlango. Nawauliza akina mama: ingekuwa wewe, usingelishika? Yeye hakulishika. Aliipaka mizinga nta kwa ndani, nyuki waisikie harufu, akasubiri. Mvua zikanyesha, miti ikachanua, na nyuki wakaingia.

Mimi mama huyu namvulia kofia. Alivuna kwa moshi mwepesi, bila kuwaunguza nyuki, na kila mara aliwabakizia masega ya kutosha. "Na wao wana watoto," alisema. Wajane wenzake wakaja kujifunza, kisha mabinti, kisha fundi cherehani mmoja mwenye mguu mmoja ambaye maishani mwake hakuwahi hata kuota kuwa mrina asali. Wakauza asali, wakauza nta, watoto wakasoma. Na ile miti? Nani angethubutu kupeleka shoka karibu na nyuki wale? Kwingine kukabaki visiki, kwa mama pori likabaki pori.

Na shemeji? Miaka ilikwenda, magoti yakagoma. Siku moja alisimama chini ya mti wa marehemu kaka yake. Mzinga uko juu pale, umejaa asali, anauona kwa macho, na hawezi kuupandia. Halafu akajikongoja hadi kwa mama.

"Shemeji," akasema, macho chini, "hivi mwanaume anaruhusiwa kuvuna mzinga wa chini?"

Mama akamkabidhi bomba la moshi. "Mila haijakataza. Puliza polepole."

Mnacheka. Chekeni. Sasa tuje kwetu sisi.

Asali aliiumba Mungu. Urefu wa kuitundika waliuchagua watu. Ni mara ngapi na sisi tunaitundika baraka juu, halafu asiyeifikia tunamwita mvivu, au tunamhurumia tu na kupita? Geukeni mtazame dirisha lile la kushoto. Mnamwona bibi yetu? Amekaa nje kwenye kigoda, kama kila Jumapili, tangu miguu yake ishindwe na ngazi za mlango huu. Ngazi tulizichangia wenyewe, tukazizindua kwa matarumbeta. Tumemwombea sana bibi apate miguu, na mimi nimeongoza maombi hayo. Nani kati yetu amewahi kuzifikiria ngazi?

Kesho wanaume mje na sepetu na toroli, tutengeneze njia ya mteremko hapo mlangoni. Lakini leo bibi hatasikiliza dirishani. Inukeni. Bebeni mabenchi, na wewe mpiga kinanda beba kinanda chako. Ibada iliyobaki tunaimalizia kule chini, alipo yeye.