Ukoko wa Chini ya Kinu

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele wakae, wa nyuma nao waone.

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na watu, aliishi mama mmoja, Mama Namkunda, na paka wake Nunu. Mama Namkunda alipenda kupika wali wa nazi. Moto chini, makaa juu ya mfuniko. Wali ukiiva alikwangua ukoko, kwaru, kwaru, akampa Nunu. Kila siku. Nunu akajua ukoko ni wake.

Siku moja akaja mbwa, jina lake Tuone. Akafukuza kicheche kwenye banda la kuku. Akafukuza nyani shambani. Mama akasema, "Mlinzi ndiye mla ukoko." Kwaru, kwaru, ukoko ukaenda kwa mbwa.

Nunu akapanda darini, akanuna. Akamwona mbwa anabeba ukoko kwenda nyuma ya nyumba. Moyo ukamchoma. Siku ya pili, akanuna. Siku ya tatu, akanuna.

"Dada Nunu, shuka tuzungumze," mbwa akamwita.

"Dada yako nani? Mimi na wewe tumenyonya wapi?"

Siku ya nne Mama akabandika wali, akapalia makaa, akachukua mtungi. "Tuone, nakwenda kisimani. Kaa mlangoni. Asiingie mtu, nawe usiingie."

"Sawa, Mama."

Nunu akawaza: wali ukimwagika, atalaumiwa nani? Si mlinzi? Akashuka, nyata, nyata. Akasukuma chungu. Pu! Wengine husema chungu kilivunjika. Hapana, kilipata ufa mdomoni tu. Lakini makaa ya juu Nunu aliyasahau. Yakamwangukia mkiani, mkia ukashika moto.

"Nyaauu! Nakufa!"

Mbwa alikatazwa kuingia. Akaingia. Akamkamata Nunu shingoni, akamtosa kwenye beseni la kuoshea vyombo. Chubwi! Moto ukazimika. Nunu akakimbilia nyuma ya kuni.

Mara Mama huyo! Wali chini, mbwa ndani. Akainua mwiko.

"Wewe! Nilikuweka wapi? Nimekupa mlango, umenilia chungu! Toka kwangu. Leo hii!"

Mbwa akatazama kwenye kuni. Hakumtaja mtu. Nunu kajibanza, ameloa, mkia kaukalia. Si ndicho alichokitaka?

Mbwa akageuka mlangoni. "Dada, kwa heri. Nyuma ya nyumba, chini ya kinu, kuna ukoko wa jana. Kila siku nakuwekea nusu, nakuita, hushuki. Kuku wanakula. Wa jana nimeufunika kwa ungo."

Nunu akachungulia nje. Kinu kile, ungo ule. Akatoka mbio, akafunua. Nusu ya ukoko, haina hata alama ya jino.

"Mama!" akalia. "Mwache Tuone! Chungu nimekisukuma mimi. Tazama mkia wangu."

Mama akautazama mkia. Akashusha mwiko. "Rudi, baba," akamwambia mbwa. "Nimekukosea."

Siku hiyo hapakuwa na wali. Chakula cha nyumba nzima kilikuwa ukoko ule wa jana. Mama akaumega mafungu matatu, wakala pamoja.

Basi, wanangu na wakubwa wenzangu, mwenye wivu huhesabu matonge ya mwenzake, na fungu lake likaliwa na kuku.

Hadithi yangu imekwanguliwa hadi chini ya chungu, imeishia hapo.