Beberu wa Mzee Mwadime

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu walioazimwa sauti. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mmekula. Hapo zamani za kale, watu na mbuzi walipokuwa wakisemezana, aliishi mzee mmoja katika nchi ya milima, jina lake Mwadime. Mzee huyu alikuwa na bahati ambayo Mungu huwapa wachache: tangu azaliwe hakuwahi kukosea. Waliokosea walikuwa ni wengine, hasa wanawe.

Mkewe alipofariki, nyumba ikawa kubwa, na uji anaojipikia ukawa unaungua kila siku. Mzee akaamua kwenda kukaa kwa mmoja wa wanawe watatu, ambao wote walikuwa watu wazima wenye miji yao. Akamfunga kamba beberu wake mnono, akaapa kwamba atakapopata mtoto mwenye adabu ya zamani, hapo atamchinja beberu na hapo atakaa mpaka kufa.

Beberu alikisikia kiapo hicho vizuri sana.

Wakafika kwanza kwa Mghanga, mtoto wa kwanza. Mghanga alimpokea baba yake kwa mikono miwili, akampa chumba chenye dirisha. Mzee akalitazama lile dirisha kama mtu anayetazama nyoka. Akasema enzi zao nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na aliyetaka kuona jua alitoka nje akaliona. Mghanga akaeleza habari za hewa na mwanga. Siku ya tatu alirudi kutoka shambani akakuta dirisha limezibwa kwa udongo, na baba yake ameketi gizani, ameridhika.

"Baba," akasema Mghanga, "hii ni nyumba yangu."

Mzee hakungoja la pili. Akashika fimbo, akavuta kamba, akaondoka. Njiani akamuuliza beberu kama kuna mtoto anayestahili kumwambia baba yake neno kama lile.

"Hakuna, bwana wangu," akajibu beberu. "Umesema kweli tupu." Mzee akaona kwamba katika mji wake wote, aliyelelewa vyema ni mbuzi.

Wakafika kwa Kitawi, mtoto wa pili. Mkewe Kitawi alikuwa mfinyanzi, na siku hiyo alikwenda kuchimba udongo wa vyungu, kwa hiyo Kitawi mwenyewe ndiye aliyesonga ugali. Mzee akakataa kula. Enzi zao, alisema, mwanamume aliyeshika mwiko alifukuzwa kijijini. Kitawi akaweka chakula mbele yake asubuhi, mchana na jioni, na mzee akakitazama asubuhi, mchana na jioni. Kesho yake Kitawi akamwambia polepole:

"Baba, mama alipougua uliketi mlangoni siku mbili ukimngoja ainuke akupikie. Hapo ndipo nilipojifunza kusonga."

Mzee akainuka. Akashika fimbo, akavuta kamba, akaondoka. Beberu akamwambia kwamba amesema kweli tupu, ingawa safari hii mzee hakuwa amesema chochote.

Wakafika kwa Wakesho, kitinda mimba. Wakesho aliishi na watoto wake wawili na alikuwa na shamba la viazi vitamu, matuta mazuri, marando yametambaa. Mzee akasema shamba kama lile enzi zao lilikuwa la mtama. Wakesho akakubali kwamba mtama ni mzuri, ila ndege huumaliza. Kumbe mzee hakuwa anaomba maoni. Alfajiri akaingia shambani, na jua lilipopanda alikuwa ameng'oa matuta saba, ili amfundishe mwanawe kilimo.

Wakesho alikuja akasimama. Hakupiga kelele. Akaokota rando moja, akalishika.

"Hiki kilikuwa chakula chetu cha kiangazi, baba."

Mzee akashika fimbo, akavuta kamba, akaondoka. Beberu akatangulia kwa furaha, na furaha, wasikilizaji wangu, huwalegeza ndimi hata mbuzi.

"Bwana wangu, ukoo wetu umebarikiwa," akasema beberu. "Babu wa babu yangu aliletwa kwako na baba yako mzazi, alipokuja kukaa kwako ulipokuwa kijana. Mkagombana kwa kuwa ulijenga mlimani badala ya bondeni, akarudi naye. Mbuzi huyo alizeeka mpaka akaisha meno. Baba yako alipokufa hapakuwa na mtu nyumbani. Babu huyo ndiye aliyelia mpaka majirani wakaja. Hakuna mbuzi duniani wanaozeeka kama wa kwenu."

Mzee Mwadime akasimama katikati ya njia. Aliukumbuka mgongo wa baba yake ukiteremka mlima na mbuzi nyuma yake. Aliukumbuka vizuri, maana siku ile aliutazama akasema moyoni: mzee mkaidi huyu, aende zake.

Akageuka. Beberu akauliza wanakwenda wapi; mzee akavuta kamba.

Mzee akaingia shambani kwa Wakesho, akapiga magoti, akaanza kuyarudisha marando udongoni, moja moja. Wakesho akaja akapiga magoti tuta la pili. Wakafanya kazi mpaka matuta saba yakaisha.

"Waite kaka zako," akasema mzee. "Na mniletee kisu."

Beberu akajitetea kwamba alikuwa anapiga soga tu. Ni kweli, wengi huponzwa na soga.

Mghanga akaja, Kitawi akaja na mkewe. Kitawi akapika. Mzee akapewa bakuli, akaonja. Wote wakamtazama.

"Imepungua chumvi," akasema.

Kitawi akaongeza chumvi, na mzee akala, akaomba tena.

Hadithi yangu imefika ukomo wake. Aliyekosa nyama asinilaumu mimi, amlaumu beberu.