Ketura, Naftali na Ng'ombe Maridadi

Mjane Ketura hakuwa na kitu ila ng'ombe mmoja, Maridadi. Arobaini ya mumewe haijaisha vizuri, shemeji yake Naftali, tajiri wa kijiji kizima, akaja akamswaga ng'ombe, eti ni wake tangu zamani. Ketura akawalilia wazee watatu wa sinagogi. Wakamwambia, "Mama, lete shahidi." Atamtoa wapi?

Ikafika jioni ya kuamkia Yom Kipuri, siku ambayo Wayahudi wanafunga kutwa kucha, tangu jua linapozama. Kabla ya kufunga, uliyemkosea lazima umwombe msamaha. Akikukatalia mara tatu mbele ya watu watatu, dhambi inamrudia yeye. Basi Naftali akaja mbio na wale wazee watatu. Jua linazama, na chakula chake cha mwisho kinapoa nyumbani.

"Shemeji, nisamehe."

"Nikusamehe nini, baba?"

"Yote!"

"Mh! Yote ni mengi, shemeji. Yapi hayo?"

"Ya mwaka huu! Nisamehe!"

"Mwaka nao ni mrefu. Na jua ndilo hilo linatuacha..."

Tumbo la Naftali likanguruma. "Ng'ombe, mwanamke wewe! Nilichukua ng'ombe wako Maridadi! Haya, nisamehe!"

"Nimekusamehe, tena kwa moyo mweupe." Ketura akawageukia wazee. "Wazee wangu, shahidi wenu huyo. Twendeni nikamfungue Maridadi, giza lisituwahi."

Naftali akaruka. "Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe kosa, shemeji, sikukupa ng'ombe. Kimbia ukale, ugali unapoa."