Mjane Aliyemwita Kurumbiza

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, na wewe mwenye karanga, tafuna polepole.

Hapo kale alikuwapo mjane, Bi Zamda, mwenye konde la mtama. Binti yake wa pekee alifariki angali mdogo, na kwao jina la mtoto aliyezikwa halitajwi. Basi akalimeza jina lile miaka saba.

Mtama ulipokomaa, akapanda dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, kuamia ndege wasiumalize. Walinda mtama wana desturi yao: jua likishuka, mmoja huita, wa konde la pili huitikia, wajue wote wazima. Lakini mwaka ule zimwi liliingia bondeni, majirani wakahama. Bi Zamda ahamie kwa nani? Akabaki. Akaita, kimya. Akaita, kimya. Akaita, kimya. Upweke ni ugonjwa, wajukuu zangu.

Siku moja akaona ndege wa manjano, kichwa cheusi. Mtama hagusi, anadonoa viwavi tu, na anaimba mpaka unasahau njaa. Bi Zamda hakumrushia jiwe. Jioni akamwita kwa kunong'ona, kwa jina la bintiye. Ndege akaitikia. Ikawa hivyo kila jioni, na Bi Zamda akiona haya kama mwizi.

Basi siku moja zimwi likafika chini ya dungu. Lilikuwa na mwiko mmoja: halimli mtu mwenye mwenziwe.

"Uko na nani?"

"Niko na jirani yangu, Mize."

"Mwite."

Akamwita Mize. Kimya. Zimwi likapanda ngazi, kipago cha kwanza.

Akasema yuko na dada yake, Siwema. Akamwita. Kimya. Likapanda kipago cha pili.

"Taja wa mwisho," likasema, pumzi zake zikimchoma nyayo.

Bi Zamda akalia. Kisha akapaaza sauti, bonde zima likasikia: "Kurumbiza! Kurumbiza mwanangu!"

Mtamani pakaitikiwa.

Zimwi likateremka mbio, likatokomea, wala halikurudi tena.

Majirani waliisikia sauti ile hata huko ng'ambo walikohamia. Wakaja kumlaumu, kwa nini anamwita marehemu. Bi Zamda akawaonyesha ndege, wakainamisha vichwa. Tangu hapo ndege yule akaitwa Kurumbiza. Watoto wakimwona husema, "Kurumbiza huyo!" Na kila waliposema, Bi Zamda aligeuka kutazama njia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenzako akiita, mwitikie.